Tiketi ya Treni ya Usiku ya Mombasa: Jinsi ya Kulipa Ukiwa Meru au Embu

Reli haifiki Meru wala Embu. Kwa hivyo ukiwa Chuka, Maua au Runyenjes, safari yako ya Madaraka Express inaanza kwenye simu, siku kadhaa kabla ya kupanda matatu. Na pesa nyingi zinazopotea, hupotea hapo hapo kwenye simu.

Wateja wengi hutuuliza kwanza kuhusu nauli. Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Tangu Januari 2024, Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Baba, mama na mtoto wa miaka 8 wakisafiri daraja la kawaida watalipa 3,750. Weka pesa hizo zote kwenye akaunti yako kabla ya kuanza, pamoja na kitu kidogo cha ada, maana ukianza kutafuta ajenti ukiwa umefika katikati, nafasi ulizochagua zinaweza kufutwa.

Unaanza kwa kubonyeza *639# au kupitia tovuti ya Shirika la Reli. Chagua unakotoka, unakoenda, tarehe na treni, kisha uandike jina na nambari ya kitambulisho ya kila msafiri jinsi zilivyo kwenye kitambulisho chenyewe. Usiandike jina la utani, na usijaze kitambulisho chako kwenye tiketi ya shemeji. Pale stesheni watu hukaguliwa.

Ni usiku wa lini?

Hapa tukae kidogo. Treni ya usiku huondoka saa nne usiku, na kwenye simu utaiona ikiandikwa 22:00. Inafika Mombasa kati ya saa tisa na saa kumi alfajiri, yaani siku imeshabadilika.

Sasa chukua mfano wa mama wa Runyenjes anayeenda harusini Likoni Jumamosi asubuhi, tarehe 13. Dada yake wa Mombasa anamwambia, "Panda ile ya usiku wa Jumamosi." Kwa watu wengi wa pwani, siku mpya huanza jua likitua, kwa hivyo dada anamaanisha usiku wa kuamkia Jumamosi. Mama naye anasikia Jumamosi, anachagua tarehe 13, analipa. Treni yake itaondoka harusi ikiwa imekwisha na sufuria zimeshaoshwa. Tarehe sahihi ilikuwa Ijumaa, tarehe 12. Tiketi hufuata siku ya kuondoka, si siku ya kufika. Mkizungumza na jamaa, tajeni tarehe kwa nambari.

Na usitafute kitanda kwenye menyu. Ulaya, kwa mfano kwenye treni za Nightjet za Austria, abiria huchagua siti, kitanda cha pamoja au chumba. Hata treni yetu ya zamani ya Mombasa ilikuwa na vyumba vya kulala, hadi mwaka 2017 SGR ilipochukua nafasi yake. Hii ya sasa ni siti tu. Beba leso au jaketi.

Meseji mbili, si moja

Ukishathibitisha, fuata maelekezo ya malipo yatakayoonekana. Kabla ya kuweka PIN, soma jina la anayelipwa na kiasi. Ukiona jina la mtu binafsi, wacha. Hakuna "ajenti wa SGR" wa Facebook anayehitaji umtumie pesa kwa laini yake ili akushikie siti, hata kama ni Desemba na kila mahali pamejaa.

Baada ya kulipa, subiri meseji mbili. Ya kwanza ni yetu, inasema pesa zimekatwa. Ya pili ni ya tiketi. Ukiwa na ya kwanza peke yake, bado huna tiketi. Wengi hapa hushikwa na wasiwasi, wakalipa tena chap chap, halafu wanaanza kufuatilia pesa za mara mbili. Usilipe tena. Tunza ile meseji ya malipo, angalia kama tiketi imeingia, kisha wasiliana nasi. Pesa zilizokwenda kwa biashara hazirudi kwa kubonyeza tu. Lazima upande wa pili uthibitishe kwamba haukutoa huduma.

Kama unakatiwa tiketi na kijana wa saiba, simamia aandike nambari yako ya simu. Akiandika yake, tiketi itaingia kwake.

Kufika Syokimau

Treni inaondokea Syokimau, si katikati ya jiji. Kutoka Meru mjini tungekushauri uondoke kabla ya saa sita mchana. Kutoka Embu, saa nane isikupite. Barabara ya Thika jioni unaijua. Ukishuka mjini, kuna treni ya abiria kutoka stesheni kuu hadi Syokimau, lakini ulizia saa zake mapema. Lenga kufika angalau saa moja kabla, kwa sababu kuna ukaguzi wa mizigo na bado unahitaji kuchapisha tiketi.

Upande wa Mombasa utashuka Miritini, nje ya mji, kukiwa bado giza. Panga mapema nani atakuchukua, na ubakishe pesa ya gari kwenye simu.

Ukikwama kwenye malipo, tupigie ukitumia laini ileile uliyolipia, ukiwa na nambari ya muamala mkononi. Hatutakuuliza PIN.