Mambo ya Kwanza kwa Mwenye Kuposa Katika Nchi ya Dhahabu

Alhamdulillahi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake.

Amma baad. Watu wa pwani hawakuanza leo kwenda bara. Wazee wetu walikwenda Tabora kwa miguu. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, ikipita Shinyanga, wakaenda kwa gari la moshi. Ulipoanza mgodi wa almasi wa Mwadui mwaka 1940 wakapata sababu nyingine ya safari. Na leo vijana wetu wako Kahama na Geita kwa ajili ya dhahabu: huyu ana duka, yule ana karasha la kusagia mawe, na wa tatu ana fungu lake katika duara. Na mtu akikaa mahali hupata mchumba hapo. Basi somo letu ni hili: akisha kukubaliwa posa yake, aanzie wapi?

Twaona wengi huanzia mwisho. Posa haijapoa, nao wamekwisha kufanya kamati, wamepiga chapa kadi za michango na kuulizia bei ya ukumbi; lakini ukiwauliza walii ni nani, au mahari ni nini na ni ya nani, hutazamana. Sherehe ikipungua nikahi haidhuriki. Walii akikosekana, hapana nikahi kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafii.

Kwanza ijulikane ya kwamba posa ni ahadi tu. Mwanamke aliyeposwa ni ajinabia kwa mposaji mpaka akdi ifungwe. Ameruhusiwa kumtazama uso na viganja ili moyo wake utulie, na Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Mughira bin Shuuba afanye hivyo; lakini kukaa naye faragha hakufai, wala kusafiri naye peke yao kwenda Mwanza kununua nguo za harusi. Na aliyekwisha kuposwa na mwenzio, posa ikakubaliwa, si halali kwako kumposa. Hili la mwisho nalitia mkazo, kwa kuwa katika machimbo mali huja kwa ghafula, na mwenye kupata jana hudhani ya kuwa aweza kumzidi kwa fedha aliyetangulia.

Ama walii, hapa ndipo mtu wa pwani hujikwaa, kwa sababu kwao hakuzoea kuuliza. Baba wa binti ni Mwislamu, na babu ni Mwislamu, basi. Lakini katika Usukuma huenda ukamposa binti aliyesilimu peke yake, baba yake ni Mkristo au yungali katika dini ya wazee wake. Baba huyo ana haki zote za baba: haki ya kuheshimiwa, kuamkiwa, kwenda kuombwa kwa adabu na kuketishwa mbele siku ya harusi. Lakini hawi walii wa Mwislamu. Walii atakuwa jamaa yake wa karibu wa upande wa kuumeni aliye Mwislamu, kwa taratibu zinazojulikana. Na asipopatikana, uwalii hurudi kwa hakimu wa Kiislamu. Katika Tanzania bara hakuna mahakama ya kadhi ya serikali, basi watu humwendea kadhi au sheikhe wa wilaya wa BAKWATA, baraza lililoundwa mwaka 1968. Nenda kwake mapema, umweleze hali yote bila ya kuficha. Wala usingoje siku ya harusi, wageni wamekwisha kula, ndipo mtu aulize nani atakayeozesha. Na mzee naye aelezwe kabla, kwa ulimi mzuri, ya kwamba asiposhika mkono wa bwana harusi si kwamba amedharauliwa. (Mas-ala ya kuoa Mkristo aliyebaki katika dini yake ni marefu, hayaingii katika karatasi hizi.)

Sasa tuje kwenye mahari, ambako ndiko kwenye ugomvi mwingi. Mungu ameamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 4, wanawake wapewe mahari yao. Maana yake mahari ni mali ya mke. Si ya baba, wala ya mjomba, wala ya ukoo. Na desturi ya Wasukuma ni ng'ombe, nao hupokewa na wazee wa mke na kugawanywa kwa jamaa. Kijana wetu akitajiwa ng'ombe hufanya moja katika mawili: ama hukasirika akasema hayo si ya dini, posa ikavunjika, ama hulipa kimya, kisha siku ya akdi hutaja kitu kidogo kwa jina la mahari, na binti asijue amepata nini.

Njia iko baina ya hayo. Ukitaka, wafanye ng'ombe wenyewe kuwa mahari, watajwe katika akdi kwa idadi na sifa zao, nao wawe mali ya mke. Akipenda kumpa baba yake baada ya kuwamiliki, hiyo ni khiyari yake. Au ng'ombe wawe zawadi kwa wazee, mbali kabisa na mahari, na mahari itajwe peke yake. Lisilofaa ni kuyachanganya. Wanazuoni wa Kishafii wamelisema wazi katika vitabu vya fikihi: akiozeshwa mwanamke kwa mahari kadha kwa sharti baba naye apewe kadha, mahari hiyo huharibika, na mke hustahiki mahari ya mfano, yaani kadiri wapewayo wanawake walio kama yeye katika jamaa zake. Nikahi husihi, lakini mume amejitia deni asilolijua kiasi chake.

Wala mtu wa pwani asiwacheke Wasukuma kwa ng'ombe wao. Kwetu hakuna kilemba cha baba? Hakuna mkaja wa mama? Haya nayo hudaiwa kama deni, na posa ngapi zimekwama kwa ajili yake! Hukumu yake ni moja na ya ng'ombe.

Katika nchi ile wengi hupenda kutoa mahari ya dhahabu, na ni jambo jema. Anas amepokea khabari ya Abdurrahman bin Auf, ya kwamba alioa kwa dhahabu ya uzani wa kokwa ya tende, na Mtume akamwelekeza afanye karamu japo kwa mbuzi mmoja. Wengi wameufasiri uzani huo kuwa ni dirhamu 5. Lakini dhahabu ya mahari sharti ijulikane: gramu ngapi, ya usafi gani, imetengenezwa au ni ghafi, hadhiri au ya baadaye. Asemaye "mahari yake ni itakayotoka katika duara langu msimu huu" ametaja kisichojulikana na asichokimiliki. Mahari hiyo haisihi, na hapo pia mke hurudi kwenye mahari ya mfano. Kupima si kazi ngumu, kwani Geita ina soko la madini tangu mwaka 2019. Na iandikwe, washuhudie watu wawili. Akitalikiwa kabla ya kuingiliwa, nusu ya mahari iliyotajwa ni haki yake. Nusu ya kitu kisichopimwa ni nini?

Zawadi nyingine nazo ziandikwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imemruhusu mtu kudai mahakamani zawadi aliyoitoa kwa ajili ya ndoa isiyofungwa, ikithibiti ya kuwa aliitoa kwa sharti la ndoa. Ameruhusiwa pia kudai fidia ya ahadi iliyovunjwa, lakini si zaidi ya gharama alizoingia kwa kweli.

Umri wa binti uulizwe, tena kwa karatasi, si kwa macho. Katika hesabu ya mwaka 2010 mkoa wa Shinyanga ulitangulia mikoa yote kwa ndoa za mabinti wadogo: katika wanawake wa miaka 20 hadi 24, watu 59 katika kila 100 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Mwezi wa Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, ya kwamba vifungu vilivyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Na amwoaye mwanafunzi, sheria iliyotungwa mwaka 2016 yamtia kifungo cha miaka 30. Mzee anayekuharakisha kwa kuwa anataka ng'ombe si yeye atakayefungwa peke yake. Na ridhaa ya binti iulizwe kwake mwenyewe, maana sheria ya nchi yaitaka, na Sunna imeielekeza.

Twende wote wawili tukapimwe damu: hilo ni neno la kumwambia mchumba bila ya haya. Mbali na Ukimwi, ugonjwa wa seli mundu ni mwingi katika mikoa ya Ziwa, na wawili wenye kuuchukua bila ya kuugua huweza kuzaa mtoto mgonjwa. Na mwenye kuchoma dhahabu kwa zebaki asiifanyie kazi hiyo nyumbani atakapomweka mke, kwani mvuke wake humdhuru mtoto tumboni.

Siku ya harusi, chagueni iliyo nyepesi kwa watu. Huko bara ni baada ya mavuno, mvua zikisha. Hapana mwezi wenye nuhusi, Bibi Aisha (R.A.) aliolewa katika Shawwal, mwezi ambao Waarabu wa zama za ujinga waliuogopa. Karamu ni Sunna, nayo hutimia kwa mbuzi mmoja. Kukopa kwa ajili yake kwa kutegemea mawe ambayo hayajasagwa ni kumtia mke katika nyumba ya madeni.

Kisha, angalau siku 21 kabla ya nikahi, mpelekeeni taarifa msajili wa ndoa, au sheikhe mwenye leseni ya kufungisha. Humo mtaandika majina yenu na ya wazazi, umri, makazi, na kama mume ana mke mwingine. Mwenye mke pwani amwandike, na huyu wa Geita ajue kabla hajatoa ridhaa. Cheti kitakachotolewa mke apewe nakala yake, kisiwekwe chote mfukoni mwa mume anayesafiri.

Wallahu aalam.