Mchaichai usionewe huruma

Wenye vihamba vya Kibosho na Old Moshi wamejaliwa kivuli cha migomba, na kahawa yao hunawiri humo. Pasua, huku chini mjini Moshi, imejaliwa jua. Kwa anayetaka mchaichai uani, jua hilo ni mali. Mmea huu wenye asili ya Asia hutaka mwanga wa saa sita au zaidi kwa siku. Ukifichwa kivulini majani hulegea na harufu hupungua.

Masika inapoingia ndio wakati wa kuupanda. Mchaichai ni nadra kutoa maua, kwa hiyo asihangaike mtu kutafuta mbegu: aombe shina kwa jirani. Shina lililokomaa huchimbuliwa na kugawanywa, kila chipukizi libaki na mizizi yake, kisha majani yakatwe yabaki kama sentimita 15 ili mizizi michanga isielemewe. Nafasi ya sentimita 60 yatosha. Asiye na uwanja atumie ndoo kuukuu ya lita 20 iliyotobolewa chini, udongo uchanganywe na samadi iliyooza. Penye kutuama maji ya Aprili na Mei, lazima tuta liinuliwe, la sivyo mizizi itaoza.

Kosa kubwa huja baadaye. Wengi huchuma jani mojamoja kila chai inapotengwa, wakiogopa kuuumiza mmea. Kumbe ndivyo wanavyouzeesha! Majani ya zamani hukauka katikati, shina likasongwa na takataka zake lenyewe. Baada ya miezi minne hivi shina lote likatwe kwa kisu kikali, sentimita 10 juu ya ardhi, asubuhi umande ukishakauka. Mikono mirefu ya shati husaidia, maana kingo za majani hukata ngozi. Likimwagiliwa, litakuwa tayari tena baada ya miezi miwili au mitatu.

Majani ya akiba yasianikwe juu ya bati. Mafuta yenye harufu ya limau, yaitwayo sitrali, hupotea kwa joto. Barazani penye upepo panafaa zaidi. Sehemu nyeupe ya chini nayo isitupwe: ikipondwa na tangawizi na kitunguu saumu huipa supu ya kuku ladha ambayo Wathailand wanaijua siku nyingi.

Shina la Machi hukatwa Julai, baridi ya mlima inapoteremka hadi Pasua na masweta kutolewa sandukuni. Majani manne mabichi, yakifungwa fundo na kutiwa sufuriani maji yakiwa bado baridi, yanatosha chai ya rangi ya nyumba nzima.