Somo la Mlaji: Bei Kamili ya Tiketi ya Mtandaoni

Mkazi wa Mbinga au Mbamba Bay anunuapo tiketi ya basi kwa simu, huenda akaoneshwa kwanza nauli peke yake. Ada ya huduma na makato ya muamala hujitokeza mwishoni, akiwa amekwisha kuchagua kiti na kujaza jina.

Tuseme nauli ni shilingi 40,000, ada 1,500 na makato 700. Bei halisi ni 42,200. Familia ya watu wanne iliyotenga 160,000 kutokana na mauzo ya kahawa, ikilipia kila tiketi peke yake, itapungukiwa 8,800; mmoja wao atabaki kituoni.

Nchini Marekani, tangu Mei 12, 2025, kanuni huwataka wauzaji wa tiketi za matamasha na michezo kuonesha jumla yote tangu mwanzo. Hapa nchini, LATRA huweka ukomo wa nauli za mabasi.

Kabla ya kuingiza namba ya siri, mnunuzi aitafute jumla, ailinganishe nauli na ukomo huo, kisha aihifadhi tiketi. Muuzaji mwadilifu naye hutaja bei kamili mapema, msafiri angali na nafasi ya kuamua.