Mapishi ya Nyama ya Mataifa Mengine na Majira Yetu

Mapishi ya kigeni yamekwisha kuzoeleka katika miji yetu. Hambaga ya Marekani, kitfo ya Ethiopia na biriani ya Bara Hindi hupikwa siku hizi majumbani. Mpishi huweza kuazima viungo na maelekezo, lakini hawezi kuazima hali ya hewa. Makala hii inaeleza namna majira yetu yanavyobadili usalama wa nyama, na hatua ambazo mpishi anapaswa kuzichukua.

Nyama nzima na nyama ya kusaga

Katika kipande kizima cha nyama ya ng'ombe, bakteria hukaa zaidi juu ya uso wake, na moto mkali huwaua. Kusaga huwachanganya hadi ndani. Mwaka 1993, nchini Marekani, watu zaidi ya 700 waliugua baada ya kula hambaga zisizoiva vizuri, na watoto wanne walifariki. Kisababishi kilikuwa Escherichia coli O157, ambaye sumu yake huweza kuharibu figo, hasa za watoto wadogo.

Rangi si shahidi wa kutegemewa, kwani nyama ya kusaga huweza kugeuka kahawia kabla haijaiva. Kipimo sahihi ni joto la 71°C katikati ya kipande. Asiye na kipimajoto atengeneze vipande vyembamba na kuvipika hadi katikati. Kitfo nayo ni nyama ya kusaga, na ikiliwa mbichi huweza pia kumwambukiza mlaji minyoo ya tegu. Waethiopia wenyewe wanayo kitfo iliyoivishwa, tuichague hiyo.

Kaskazi: adui ni muda

Mwezi mmoja wa Februari niliwahudumia watu wa familia moja walioshikwa na msokoto wa tumbo na kuhara usiku mmoja. Biriani ya sherehe ilikuwa imepikwa usiku uliotangulia, ikaachwa katika sufuria kubwa lililofunikwa, kisha ikapashwa moto kidogo tu na kuliwa mchana. Vijana walipona siku ya pili. Bibi yao, aliyekuwa na ugonjwa wa moyo, alilazwa kwa siku kadhaa kwa kupungukiwa maji.

Nyama ile ilikuwa imeiva barabara. Kosa lilikuja baadaye. Bakteria aitwaye Clostridium perfringens hutengeneza spora zinazostahimili mchemko. Chakula kinapopoa polepole, spora huamka, na bakteria huweza kuongezeka maradufu chini ya kila dakika 15. Kwa mwendo huo, mmoja huwa zaidi ya 4,000 katika muda wa saa 3. Katikati ya sufuria kubwa hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi, na hapo ndipo wanapostawi.

Kwa hiyo, chakula kilichopikwa kisikae nje ya jokofu zaidi ya saa 2. Na hewa ikizidi 32°C, kisizidi saa 1. Kigawanywe katika vyombo vifupi na vipana ili kipoe haraka. Asiye na jokofu apike cha kutosha mlo mmoja, au akiache juu ya moto kikiwa na joto linalozidi 60°C. Kiporo kipashwe hadi kitoe mvuke kote.

Wakorea wana desturi ya kula samgyetang, supu ya kuku mzima na jinsengi, katika siku za joto kali kabisa za mwaka. Wao husema inarudisha nguvu. Mimi kama daktari naona faida nyingine: huletwa mezani ikiwa bado inatokota, bila kupewa nafasi ya kupoa.

Masika: adui huweza kutoka machungani

Mvua kubwa huzalisha mbu, na mbu huweza kueneza Homa ya Bonde la Ufa kwa mifugo. Ndivyo ilivyotokea Kenya, Somalia na Tanzania mwaka 2006 na 2007. Binadamu huambukizwa zaidi anapogusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa. Nyakati hizo tusichinje mnyama anayeumwa, tununue nyama iliyopigwa muhuri wa mkaguzi, na tuachane na nyama mbichi ya aina yoyote.

Lini kwenda hospitali

Mtoto anayeharisha damu, anayepungua mkojo au anayepauka apelekwe hospitali bila kuchelewa. Asipewe dawa ya kuzuia kuhara, kwani huweza kuzidisha madhara ya sumu iliyotajwa. Mzee anayeharisha anyweshwe maji ya chumvi na sukari maalumu akiwa njiani kwenda kituoni.

Tupike vya wenzetu na tufurahi. Lakini kabla ya kufunika sufuria, tujiulize: nje kuna joto kiasi gani, na chakula hiki kitaliwa saa ngapi?