Hadithi ya Maneno Kumi na Matano

Komredi, wengi wetu tulifunzwa kuandika kupitia insha za shule. Jua lichomoze, ndege waimbe, kisha mwishoni tutoe funzo. Insha ilikuwa na kurasa mbili za kujaza. Hadithi fupi sana haina nafasi hiyo, na ndiyo maana inatusumbua. Hapa nitaonyesha jinsi ninavyopunguza, na mahali ninapoacha kupunguza.

Hebu tuanze na rasimu hii niliyoitunga kwa ajili ya somo:

"Siku moja mama yangu mpendwa alinipigia simu asubuhi na mapema akaniambia kwa huzuni kubwa kwamba ng'ombe wetu Tausi ameuzwa ili nilipiwe karo ya chuo. Nilisikitika sana moyoni kwa sababu nilimpenda sana ng'ombe huyo. Ndipo nikajua kwamba wazazi hujinyima mengi kwa ajili yetu."

Ni maneno 42. Sarufi iko sawa, ila msomaji hana kazi: kila kitu ameshatafuniwa.

Kwanza, kata sentensi ya mwisho. Aliyeona ng'ombe akiuzwa anajua wazazi hujinyima.

Pili, winda neno "kwa". Kwa huzuni kubwa, kwa sababu, kwa ajili yetu: hayo peke yake ni maneno manane, na yote yanaeleza jambo ambalo tendo lingelionyesha.

Tatu, kipe kitenzi mzigo. "Akaniuliza" lina mtenda, mtendwa, mfuatano wa matukio na tendo lenyewe, yote katika neno moja. Kiingereza kingehitaji kama maneno matano. Kwa hiyo kikomo cha maneno 100 si kigumu kwetu kama kinavyoonekana. Mashindano yakisema 100, mimi hulenga 70.

Baada ya kukata, nilibaki na hii:

"Karo imelipwa," mama alisema. Nikauliza Tausi anatoa lita ngapi siku hizi. Akaniuliza kama huku kumenyesha.

Maneno 15. Kuuzwa hakukutajwa popote. Mama amekwepa swali, na huzuni yote imo katika kukwepa huko.

Je, tuendelee kukata? Augusto Monterroso wa Guatemala alichapisha mwaka 1959 hadithi ya maneno saba tu kwa Kihispania. Lakini jaribu kuondoa "anatoa lita ngapi" uweke "hajambo". Sasa Tausi anaweza kuwa dada yangu, na hadithi imekufa. Kipimo ni rahisi: mpe rumeti asome, usimweleze kitu, halafu muulize, "Nini kimetokea?" Akisema Tausi anaumwa, rudisha neno. Usibishane naye, hutakuwepo kumfafanulia kila msomaji.

Nani akate? Raymond Carver wa Marekani alisifiwa sana kwa ufupi wa mkusanyiko wake wa 1981. Kumbe mhariri wake, Gordon Lish, alikuwa amefyeka zaidi ya nusu ya maneno. Carver alimwandikia barua kumsihi asitishe uchapishaji, lakini kitabu kikatoka. Matini yake ya awali ilichapishwa kama kitabu mwaka 2009, yeye akiwa amefariki tangu 1988.

Wahariri tunawahitaji, mimi nikiwa wa kwanza. Lakini mhariri ambaye hajawahi kukama anaweza kuona "lita" ni neno la ziada. Wewe uliyelelewa na hayo maziwa unajua ndiyo hadithi yenyewe. Usipojifunza kukata mwenyewe, utakatwa na mtu asiyejua nyumbani kwenu kuna nini.

Basi wiki hii andika maneno 60. Yaache siku mbili, yasome kwa sauti, kisha yafikishe 30. Na rasimu ya kwanza usiitupe. Huenda kuna neno utalifuata huko.