Maharage, ndagala na uvimbe wa taya

SWALI: Mtoto wa dada yangu ana miaka sita na amevimba taya. Daktari anasema ni limfoma ya Burkitt, na kwamba ndani ya seli zake kuna protini isiyovunjwa inavyotakiwa. Tangu siku hiyo dada amemwachisha maharage na ndagala. Je, anafanya vyema? – Msomaji, Kiriri, Bujumbura

JIBU: Hapana. Mtoto huyo arudishiwe chakula chake leo hii, isipokuwa daktari wake amekataza. Protini aliyoitaja daktari haitoki kwenye sahani. Inaitwa MYC, na seli huitengeneza zenyewe. Ile ya maharage na ndagala humeng'enywa tumboni, na mtoto mwenye saratani anaihitaji ili mwili ustahimili dawa.

Kazi ya MYC ni kuamrisha jeni. Huingia katika kiini cha seli, hushika DNA, na huwasha maelfu ya jeni zinazoifanya seli ikue na kugawanyika. Amri hiyo ni ya lazima, ila kwa kiasi. Kwa hiyo katika seli yenye afya MYC hudumu kama nusu saa tu: hupachikwa alama ndogo iitwayo ubikwitini, kisha huingizwa kwenye proteasomu, chombo chenye umbo la pipa kinachokatakata protini zilizotiwa alama. Waliogundua mfumo wa alama hiyo, Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004.

Katika limfoma ya Burkitt, kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya MYC huhama, mara nyingi kwenda kromosomu ya 14, na jeni hiyo haizimiki tena. Kwa baadhi ya wagonjwa kuna hitilafu ya pili: sehemu ya MYC inayotambuliwa ili ipachikwe alama imebadilika, na protini inakwepa kuvunjwa. Jeni za ukuaji hubaki zimewashwa. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliueleza ugonjwa huu mwaka 1958, baada ya kuwaona watoto wenye taya zilizovimba katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr viligunduliwa katika uvimbe wa aina hiyo uliopelekwa London kutoka Uganda. Virusi hivyo, vikikutana na malaria ya mara kwa mara, humweka mtoto hatarini zaidi.

Limfoma inayokua kwa kasi hivi huitikia dawa kwa kasi pia, zikiwemo siklofosfamidi, vinkristini na methotreksati. Watoto wengi hupona wakitibiwa mapema.

Mzazi akiona taya limevimba, meno yamelegea, jicho limetokeza au tumbo limejaa ghafla, ampeleke mtoto hospitali siku hiyohiyo. Na aliyeanza dawa azimalize zote, hata kama uvimbe umekwisha kuyeyuka baada ya dozi ya kwanza.