Mwanangu ameiweka bondi randa yangu

*Dada Mshauri,*

*Mimi ni fundi seremala, nina miaka 53, karakana yangu iko hapa Tanga mjini. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 20. Alimaliza kidato cha nne mwaka 2022, matokeo hayakuwa mazuri, nikamchukua karakana nimfundishe kazi. Mwanzoni alikuwa msikivu. Alishika randa, akajua kupiga msasa, kuna stuli alizitengeneza mwenyewe zikanunuliwa siku hiyohiyo.*

*Sasa hivi mkono mmoja patasi, mkono wa pili simu. Anabeti. Kuna mchezo wa kindege: unaweka pesa, kindege kinapaa, ukichelewa kutoa kimeondoka na hela yako. Mwezi uliopita nilitafuta randa yangu ya umeme nisiione. Kumbe ameiweka bondi kwa shilingi 60,000 ili alipe mkopo wa simu. Nimejua baada ya wakopeshaji kututumia ujumbe mimi, shangazi yake na hata ustadhi wake wa madrasa, kwamba kijana huyu ni tapeli.*

*Nilipomkalisha chini akanijibu, "Baba, kwa mbao mtu atazeeka anasubiri." Dada, neno lile liliniuma. Mimi nilikaa kwa mwalimu wangu miaka sita, mwaka wa kwanza kazi yangu ilikuwa kufagia maranda na kuchemsha gundi. Sikulipwa, nikavumilia, leo nina nyumba. Yeye simlipi kwa sababu anakula na kulala kwangu, na nilishamwambia nitamnunulia vifaa vyake mwenyewe baada ya Idi ya mwaka jana, ila mambo yakaingiliana. Mimi simu naitumia kupokea advansi za wateja basi. Kuna mama mmoja wa Chumbageni, kabati lake halijaisha tangu Rajabu, akija ananikosa anamfokea kijana, naye badala ya kumtuliza mteja anainamia simu.*

*Kizazi hiki kimeingiliwa na nini? Nimpokonye simu, au nimtoe nyumbani akaone dunia?*

*Baba aliyechoka, Tanga*

Kaka yangu fundi,

Nianze na randa, maana hiyo haina mjadala. Kuchukua chombo cha kazi cha baba yako ukakiweka bondi ni wizi, uwe na deni usiwe nalo. Hilo nitalirudia. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho limenikwama pale ulipopita mbio kama basi lililochelewa stendi: vifaa vya Idi ya mwaka jana, "mambo yakaingiliana".

Ngoja nikueleze kwa nini. Wahubiri wa mafanikio wanapenda kusimulia jaribio la Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mtoto anawekewa peremende laini moja mezani, anaambiwa akingoja bila kuila atapewa mbili. Mahubiri yanamalizikia hapo: aliyengoja ana tabia njema, aliyekula hana lake. Jaribio ambalo hawalisimulii ni la mwaka 2013, la Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester. Wao walichukua watoto 28 wa miaka mitatu hadi mitano, na kabla ya kuwatolea peremende waliwapa kalamu za rangi zilizochakaa, wakaahidi kuwaletea nzuri zaidi. Nusu ya watoto waliletewa. Nusu nyingine, mtu mzima alirudi mikono mitupu: samahani, kumbe hatuna. Ndipo likaja sharti la peremende. Walioletewa walingoja kwa wastani wa dakika 12. Waliorudiwa mikono mitupu walingoja dakika 3. Kati ya hao 14, mmoja tu alifikisha dakika zote 15.

Watoto wale hawakuwa na simu mkononi. Walichokuwa nacho ni hesabu: huyu akisema ngoja, huwa analeta?

Mwanao naye amepiga hesabu hiyo. Wewe ulivumilia miaka sita, nakupa heko, lakini niambie: kabla yako mwalimu wako aliwatoa mafundi wangapi? Bila shaka uliwaona kwa macho, fulani ana karakana yake, fulani kaoa. Mwanao amemwona nani? Amekuona wewe, unayemkwepa mama wa Chumbageni na kumwacha yeye apokee matusi ya kazi ambayo advansi yake hakuila. Hapo alikuwa anajifunza ufundi, na somo alilolipata ni kwamba ukishapokea pesa, kusubiri ni kazi ya mwingine.

(Mafundi mtanisamehe, nina donda langu. Niliwahi kuagiza kabati la vyombo nikaambiwa njoo Ijumaa. Nilikwenda Ijumaa nyingi mno, hadi muuza chai wa jirani akadhani mimi ni mke wa fundi.)

Sasa linganisha na simu. Huduma ya kutuma pesa kwa simu ilipoanza Tanzania mwaka 2008, kijana wako alikuwa hajafika hata chekechea. Wewe na mimi tulitia noti kwenye bahasha, tukampa konda wa basi la Dar es Salaam, tukabaki tunaomba Mungu. Yeye hajui maisha hayo. Akituma, ujumbe unaingia kabla hajarudisha simu mfukoni. Akitafuta wimbo, huo hapo. Akiomba mkopo, dakika mbili umeingia. Tangu azaliwe, kitu ambacho hakijawahi kumwambia "mambo yakaingiliana" ni simu. Wewe mwenyewe unaipenda kwa sababu hiyohiyo, ndiyo maana advansi hazipiti kwa konda tena.

Kwa hiyo, ukiniuliza kizazi hiki kimeingiliwa na nini, jibu langu si uvivu. Mtu anayekesha hadi saa nane usiku akiwinda kindege si mvivu. Bidii anayo, ameipeleka mahali panapomjibu. Tatizo ni kwamba pale panapomjibu haraka panamnyonya, na hilo halioni kwa sababu makato yake ni madogo madogo. Mweleze kifundi. Watengenezaji wa mchezo wa kindege ulio maarufu wanaandika wenyewe kwamba katika kila shilingi 100 zinazochezwa, kwa wastani zinarudi 97. Ukisikia hivyo unaona ni haki kabisa, shilingi 3 si kitu. Lakini nani anacheza mara moja? Chukua shilingi 10,000, izungushe yote mara 40, na kwa kasi ya mchezo ule hiyo ni kazi ya jioni moja. Kwa wastani kitakachobaki hakifiki 3,000. Ni ubao na randa: kila ukipitisha unatoa maranda membamba, huyahisi, na ukipitisha mara arobaini ubao umekwisha. Siku atakayoshinda ipo, na ndiyo itakayomrudisha kesho yake. Kaeni na karatasi mpige hesabu hiyo pamoja. Usimhubirie, mwache azidishe mwenyewe.

Umeuliza umpokonye simu. Kijana wa miaka 20? Ataazima ya rafiki, na deni litabaki palepale. Ila karakana ina sheria zake. Msumeno hauna huruma na mtu anayeangalia kioo, kwa hiyo simu zote, nasema zote, na ya kwako ikiwemo, ziingie kwenye droo asubuhi zitoke saa saba mchana. Mama wa Chumbageni akipiga asipokelewe, aje akukute upo.

Kwenye mikopo, mwambie aandike kila deni: nani, kiasi gani, lini. Asikope kulipa mkopo mwingine, hata wa shilingi elfu tano, maana kausha damu huanzia hapo. Kisha angalieni kama wakopeshaji hao wana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Ule mtindo wa kumwandikia ustadhi wa watu kwamba mwanafunzi wake ni tapeli si ukusanyaji wa madeni, ni udhalilishaji. Hifadhini ujumbe huo, usifutwe, na malalamiko yapelekwe Benki Kuu. Deni halali lilipwe. Aibu isilipiwe.

Randa muikomboe pamoja, wewe na yeye, mwende kwa mguu mpaka kwa huyo mtu. Hizo 60,000 utazitoa wewe leo, naye atakurudishia. Kwa pesa gani? Hapo ndipo ninapotaka kukukamata shati. Huwezi kumdai mtu usiyemlipa. Kula na kulala ni haki ya mtoto kwa baba yake, mshahara ni jambo jingine. Umesema mwenyewe zile stuli ziliuzwa siku ileile. Basi mpe kazi za namna hiyo: stuli, mbuzi za kukunia nazi, meza ndogo, vitu vinavyoanza Jumatatu na kufika sokoni Alhamisi. Mkubaliane bei ya kila kimoja, na Jumamosi jioni umlipe, tena kwa simu yake, ujumbe uingie aone kwamba mbao nazo zinatuma pesa. Kata sehemu ya deni la randa mbele ya macho yake. Kabati na milango vitakuja baadaye. Kama unavyojua, mbao mbichi ukiipiga leo, kesho mlango umepinda, naye ataelewa sababu ya kusubiri ikauke siku ambayo mlango una fungu lake ndani.

Jambo moja zaidi, maana kijana anahitaji kitu cha kuonyesha wenzake. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa mafundi waliojifunzia karakana kama ya kwako: wanampima kwa alichokwisha kujua na kumpa cheti. Ulizia ofisi yao hapo Tanga. Nenda naye, na kwa siri nakwambia, upimwe nawe.

Kumtoa nyumbani, hapana. Akirudia kuiba, mtoe karakana, akatafute kibarua kwingine na kitanda chake kikae palepale. Mtoto anayedaiwa na programu tano ukimtoa usiku, anayemsubiri nje ni mkopeshaji wa sita.

Jumamosi hii nenda kamnunulie walau randa ya mkono, patasi na nyundo. Usimtolee hotuba, mwambie tu, "Hivi ni vile vya Idi, nimechelewa." Na kabla ya yote, mmalizie yule mama wa Chumbageni kabati lake.